Hatia ya Mche: Bangi Changa Mbele ya Dini na Falsafa

Mche wa bangi wa wiki tatu haumlevyi mtu. Una majani machache yenye kingo kama msumeno, shina jororo na mzizi mmoja mkuu. Kile kinacholevya, kemikali ambayo wanasayansi huiita THC, kimo ndani yake kwa kiasi kidogo mno, kwa kuwa hutengenezwa hasa katika vinyweleo vyenye utomvu vinavyofunika maua ya mmea wa kike, na maua hayo bado hayapo. Hata yatakapotoka, mmea mbichi utaihifadhi kemikali hiyo katika hali ya tindikali isiyolevya. Moto ndio unaoigeuza. Pamoja na hayo, katika mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, hakuna shehe, padri wala mchungaji atakayeutazama mche huo kama anavyotazama mchicha. Hapo ndipo swali linapozaliwa. Ikiwa kinachokatazwa ni kulewa, na mche haulevyi, hatia ya anayeumwagilia maji imetoka wapi?

Swali hili lina umri mkubwa. Mafakihi wa Misri walikuwa wakilijadili katika karne ya 13, na walilijadili kwa makini kuliko wengi wanaolizungumzia leo. Upandaji wa ndani ya nyumba, kwa taa za umeme, umelinoa upya, kwa sababu umeleta kitu ambacho shamba halina: mkono wa mtu katika kila hatua.

Mbegu ya bangi ikipata unyevu na joto hutoa mzizi ndani ya siku chache. Kisha huchomoza majani mawili ya mbegu, laini, yasiyo na meno. Hufuata jozi ya kwanza ya majani halisi, kila moja likiwa na kipande kimoja tu. Jozi za baadaye huwa na vipande vitatu, kisha vitano, kisha saba, mpaka jani lipate ile sura ya kiganja ambayo askari wa kila nchi anaijua. Tangu hapo mmea uko katika umri wa majani. Hupokea mwanga, hurefusha shina, hutandaza mizizi, na hauna shughuli nyingine.

Umri huo unaisha lini? Jibu liko katika urefu wa usiku. Usiku ukiwa mfupi, bangi huendelea kutoa majani. Ukirefuka, huanza kujiandaa kwa maua. Kindu iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na mchana wake hukaa kwenye saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo mmea ulio nje haukutani kamwe na usiku mfupi wa kiangazi cha Ulaya. Aina za nchi za joto zimezoea hali hiyo na huchukua muda mrefu kabla ya kuchanua, lakini ratiba ni ya jua na mbegu, na mkulima hufuata. Ndani ya nyumba ratiba ni ya mwenye nyumba. Akitaka mmea ubaki katika umri wa majani, huiacha taa ikiwaka saa 18 katika kila 24. Siku atakayoipunguza hadi saa 12, maua yatakuwa njiani. Ujana wa mmea, ambao shambani ni jambo la maumbile, chumbani huwa uamuzi unaofanywa upya kila siku.

Kuna pia jambo ambalo macho hayalioni. Bangi ina mimea ya kiume na ya kike, takriban nusu kwa nusu, na katika wiki za mwanzo hakuna awezaye kuitofautisha kwa kuitazama tu. Nusu ya miche inayotunzwa kwa bidii haitatoa kamwe ua lile linalotafutwa. Vilevile jicho haliwezi kutenganisha mche wa bangi ya kulevya na mche wa bangi ya nyuzi, ile ipandwayo kwa ajili ya kamba, nguo na mafuta ya mbegu, ambayo sheria za Marekani na za Umoja wa Ulaya huiruhusu mradi THC yake isizidi asilimia 0.3. Ukiwekwa mezani peke yake, mche hausemi utakuwa nini.

Ni kweli kwamba chumba cha namna hii si jambo la kawaida huko Maniema. Bangi ya Afrika ya Kati hukua mashambani, mara nyingi kati ya mihogo au mahindi, na mahali ambapo umeme wa saa chache ni neema, kuiwashia mimea taa kwa saa 18, iwe kwa sola au kwa jenereta, ni anasa ya mwenye pesa. Chumba chenye taa kilizaliwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako baridi na polisi, kila mmoja kwa njia yake, waliusukuma mmea ndani ya nyumba. Lakini kwa mwanafalsafa chumba hicho ni zawadi. Shambani, bangi inaweza kuota kwenye jaa bila mtu kuipanda. Ndege anaweza kuidondosha mbegu. Jirani anaweza kusingizia. Chumbani hakuna bahati. Kila jani lililopo lipo kwa sababu mtu alitaka liwepo, na hivyo swali la hatia linabaki bila vumbi la visingizio.

Uislamu ndio wenye maelezo marefu zaidi juu ya jambo hili, na Maniema ndiyo ngome yake ya zamani katika Kongo. Ulifika kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliyojenga vituo Nyangwe na Kasongo, kusini mwa Kindu kwa kupanda mto, katika nusu ya pili ya karne ya 19, enzi ya mfanyabiashara Tippu Tip. Majeshi ya Dola Huru la Kongo yaliiteka miji hiyo miwili mwaka 1893, lakini Waungwana, yaani watu waliokwisha kushika dini, mavazi na lugha ya pwani, walibaki, na wakati wa utawala wa Wabelgiji tarika ya Qadiriyya ilienea miongoni mwao. Fikihi waliyoipokea ilikuwa ya pwani, ya madhehebu ya Shafii. Bangi yenyewe ilipita njia hiyohiyo: ilivuka Bahari ya Hindi hadi mwambao wa Afrika Mashariki, ikasafiri bara pamoja na watu na biashara.

Kurani haiutaji mmea huu, na Sunna pia haikuutaja kwa jina. Hukumu yake imejengwa kwa kiyasi: mvinyo umeharamishwa kwa sababu unafunika akili, na kila kinachoshiriki sababu hiyo hushiriki hukumu. Nyuma ya kiyasi hicho kuna msingi mpana zaidi, ambao al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliueleza kwa kuhesabu mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda: dini, uhai, akili, kizazi na mali. Akili imo, na bangi inaigusa. Hadi hapo wanachuoni wanakubaliana. Ugomvi unaanza pale mtu anapouliza kama uharamu umo ndani ya mmea wenyewe au katika kile unachomfanyia mtu.

Ibn Taymiyya, aliyefariki Damasko mwaka 1328, alichukua njia kali. Kwake hashishi, yaani bangi, ni kama mvinyo kwa kila hali, mlaji wake anastahili adhabu ileile iliyowekwa, na rai aliyoiona kuwa sahihi zaidi ni kwamba hata yenyewe ni najisi. An-Nawawi, imamu mkubwa wa Kishafii wa karne ya 13, alitenganisha. Kula mmea unaofunika akili ni haramu, lakini mmea si kinywaji, hivyo si najisi, na anayeutumia hutiwa adabu na kadhi bila kupigwa hadi, yaani ile adhabu iliyowekwa, ya mvinyo. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka pale mtu anapokuwa na jani mfukoni wakati wa sala.

Na hilo ndilo suala lililoletwa enzi za al-Qarafi, fakihi wa Kimaliki wa Kairo aliyefariki mwaka 1285. Katika kitabu chake cha al-Furuq anasimulia kwamba mmoja wa mafakihi wa zama zake aliulizwa: mtu akisali huku amebeba hashishi, sala yake inasihi? Yule fakihi akajibu kwamba inategemea. Ikiwa majani hayajakaangwa wala kuchemshwa, sala ni sahihi, kwa sababu katika hali ya ubichi hayafuniki akili. Yako katika daraja ya maji ya zabibu kabla hayajachachuka. Yakishakaangwa, sala inabatilika. Al-Qarafi hakuridhika, akawauliza wenye uzoefu wa mambo hayo, akawakuta wakihitilafiana: wapo waliosema moto ndio unaoiamsha nguvu ya mmea, wapo waliosema mmea unalevya vyovyote unavyoliwa. Rai yake mwenyewe ilikuwa kwamba hashishi huvuruga akili bila kuleta ile furaha na ushujaa wa mvinyo, kwa hiyo si najisi, haina hadi, na kuibeba hakubatilishi sala.

Inafaa kusimama hapa kidogo. Yule fakihi, asiyejua lolote juu ya kemia, miaka zaidi ya 700 iliyopita, aliweka mpaka wa hukumu pale hasa ambapo maabara za leo zimeuona, yaani kwenye joto linaloigeuza tindikali isiyolevya kuwa kitu kinacholevya. Akifuatwa yeye, mche wa wiki tatu hauko mbali tu na uharamu. Uko mbali mara mbili, kwanza kwa kukosa maua, pili kwa kukosa moto. Kama uharamu ungekaa ndani ya kitu, mche ungekuwa halali kama bamia.

Lakini sheria ya Kiislamu haihukumu vitu tu, huhukumu vitendo, na vitendo hupimwa kwa makusudio yake. Katika mapokezi ya Anas bin Malik yaliyomo ndani ya mkusanyo wa Tirmidhi, watu kumi wamelaaniwa kwa ajili ya mvinyo, wakiwemo anayeukamua, anayeubeba, anayeuuza, anayekula thamani yake na anayeunywa. Orodha ni ndefu na inarudi nyuma mpaka kwenye mikono inayokamua. Mwenye shamba la mizabibu hakutajwa humo. Kimya hicho kina maana. Zabibu huliwa, hukaushwa, hutengenezwa siki. Aliyezipanda hakupanda mvinyo. Anayekamua kwa ajili ya mvinyo ndiye wa kwanza ambaye kazi yake ina mwelekeo mmoja tu.

Basi mpanda bangi wa chumbani anafanana na yupi, mwenye shamba au mkamuaji? Wamaliki na Wahanbali, ambao wana mlango mpana wa kuziba njia ziendazo kwenye uovu, hawatasita: njia ikiwa kwa kawaida huishia kwenye haramu, njia yenyewe hufungwa. Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, alikuwa mgumu zaidi kuzifunga njia. Alifundisha kwamba mikataba ihukumiwe kwa dhahiri yake. Mtu akimuuzia upanga yule anayedhaniwa kuwa muuaji, mauzo yanasimama ingawa yanachukiza, kwa kuwa huenda upanga usiue na kadhi hana ruhusa ya kupasua vifua vya watu. Kwa Mshafii wa Kindu, basi, mche mmoja uliojiotea nyuma ya jiko haumweki mtu hatiani kwa dhana. Chumba chenye taa ni jambo jingine. Humo nia haijafichwa kifuani. Imetundikwa darini pamoja na taa. Saa 18 za mwanga, saa ya kuzima na kuwasha, miche ya kiume inayongojewa ijionyeshe ili ing'olewe: hayo yote ni dhahiri, na dhahiri yake inaeleza makusudio kuliko kiapo. Nadhani hapa ndipo hata mfuasi mwaminifu wa Shafii anapokutana na Ibn Taymiyya, japo wamefika kwa njia mbili.

Na aliyekusudia dawa? Fikihi imeacha mlango. Mafakihi wa madhehebu mbalimbali waliruhusu mimea ya kupooza fahamu itumike pale kiungo kinapokatwa, kwa kuwa dharura hulegeza makatazo kwa kadiri yake. Mlango huo lakini una kizingiti: dharura inapimwa na tabibu mwadilifu, na haipimwi na mwenye mimea.

Upande wa Wakristo, ambao ni wengi Kindu kama walivyo wengi Kongo nzima, hoja hupita njia nyingine. Mafundisho ya Kanisa Katoliki, lenye jimbo lake Kindu tangu mwaka 1959, yamesimama juu ya fikra mbili za kale. Ya kwanza ni kwamba kila kilichoumbwa ni chema kwa kadiri ya kuwepo kwake, na uovu ni upungufu wa wema unaopaswa kuwepo, haujiumbi wenyewe. Mmea mwovu haupo. Ya pili ilitoka kwa Aristotle ikapitia kwa Thomas Akwino: kitu kinaweza kuwa fulani kwa uwezekano kabla hakijawa hivyo kwa tendo. Mbegu ni mti kwa uwezekano. Je, mche ni ulevi kwa uwezekano?

Ndiyo, lakini kwa maana dhaifu, na udhaifu huo ni muhimu. Uwezekano wa mche kuwa mmea wenye maua ni wake mwenyewe. Ukiachwa na maji na mwanga utafika. Uwezekano wa ua kuwa ulevi si wake. Unahitaji mtu wa kuchuma, kukausha, kuwasha na kuvuta, na kila mmoja wa hao ana hiari. Mnyororo wa maumbile unakatika kwenye ua. Kuanzia hapo ni mnyororo wa hiari za watu. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mche unaelekea kwenye dhambi. Mche unaelekea kwenye maua. Anayeelekea kwenye dhambi, kama yupo, ni mtu.

Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 inalichukua suala hilo kwa upande wa mtu. Kifungu cha 2291 kinasema kutumia dawa za kulevya, isipokuwa kwa tiba, ni kosa zito, kisha kinataja uzalishaji wa siri na biashara yake kuwa ni kushiriki moja kwa moja katika uovu, kwa kuwa huwavuta wengine kwenye matendo yanayopingana na maadili. Uzalishaji umetajwa waziwazi, jambo ambalo lile fungu la watu kumi halikulifanya kwa mwenye mizabibu. Ila neno la siri nalo limo, na linaacha nafasi kwa anayezalisha hadharani, kwa idhini, kwa ajili ya hospitali.

Makanisa ya Kiprotestanti na ya uamsho hayana nafasi kwa ubishi wa namna hii; mwili ni hekalu, basi. Hoja inayorudi mara kwa mara, kwa Waislamu na Wakristo sawasawa, ni ile ya kijana anayesema kwamba Mungu ndiye aliyeumba. Mkristo hutaja Mwanzo 1:29, ambapo mwanadamu anapewa kila mche utoao mbegu. Muislamu hutaja aya ya 29 ya sura ya al-Baqara, kwamba vyote vilivyomo ardhini viliumbwa kwa ajili ya watu. Warasta wa Jamaika wameijenga ibada yao kwa sehemu juu ya andiko hilo la kwanza. Hoja hiyo inathibitisha kidogo kuliko inavyodai. Inathibitisha kwamba mmea hauna kosa, na hilo hakuna fakihi mzito aliyelikana. Haisemi lolote juu ya matumizi. Mwanzo inataja chakula, na muhogo mchungu, ambao kila mama wa Maniema anajua kuuloweka siku kadhaa ili sumu itoke, nao umeumbwa na Mungu yuleyule.

Kuna kisa kimoja cha Kongo kinachoipindua hoja yote juu chini, na kiliigusa Maniema. Katika Kasai, miongoni mwa Walulua ambao Wazungu wa wakati huo waliwaita Bashilange, kulizuka katika miaka ya 1870 umoja wa watu waliojiita Bena Riamba, wana wa bangi. Kiongozi wao mkuu alikuwa Kalamba Mukenge, na dada yake, Sangula Meta, alikuwa na cheo kikubwa katika ibada. Walichoma hirizi na sanamu za zamani, wakakataza pombe ya mawese, wakakusanyika jioni kuvuta bangi kwa pamoja kutoka katika kibuyu kikubwa, na kuvuta huko kulikuwa kiapo cha amani kati ya vijiji vilivyokuwa vikipigana. Wajerumani Paul Pogge na Hermann von Wissmann walifika kwa Kalamba mwaka 1881, na mwaka uliofuata walifika Nyangwe wakisindikizwa na yeye na watu wake. Ndivyo ilivyotokea kwamba kwenye soko la Nyangwe, katika ardhi ya Maniema ya leo, walikutana watu wa dini ambayo kwayo bangi ni haramu na watu ambao bangi ndiyo iliyokuwa dini yao.

Kisa hicho kisipambwe. Umoja wa Kalamba ulikuwa pia chombo cha utawala na biashara. Waliokataa kuingia walilazimishwa, na Wissmann ameandika kwamba mkosaji aliadhibiwa kwa kuvutishwa bangi nyingi mpaka azimie. Kitu kilekile kilikuwa sakramenti jioni na fimbo asubuhi. Kifalsafa kina uzito kwa sababu hiyohiyo. Bena Riamba walipanda mche uleule, wenye majani yaleyale, na kwao kuupalilia kulikuwa tendo la uchaji. Kama utakatifu wa mche wao haukutoka kwenye majani, basi na unajisi wa mche wa Kindu hauwezi kutafutwa humo.

Placide Tempels, mmisionari Mfransisko wa Kibelgiji aliyekaa na Waluba wa Katanga, angeliweka jambo hili kwa lugha ya nguvu. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotoka Elisabethville mwaka 1945, kinadai kwamba kwa Waafrika aliowajua kila kilichopo ni nguvu, na jema ni lile linaloongeza nguvu ya uhai, baya ni lile linaloipunguza. Wanafalsafa wa Kiafrika, Paulin Hountondji akiwa mstari wa mbele, wamemlaumu kwa kuwavisha watu wote wazo moja. Lawama ni ya haki. Hata hivyo kipimo chake kinatoa jibu ambalo vipimo vingine vinachelewa kulitoa: mmea una nguvu yake, na kinachoulizwa ni uhai wa nani unaongezeka na wa nani unapungua. Jibu la mgonjwa wa saratani anayepunguziwa maumivu halitafanana na la mvulana wa miaka 15 anayeacha shule.

Sheria ya nchi haina subira ya kuuliza hivyo. Dola Huru la Kongo lilipiga marufuku bangi ya kuvuta mwaka 1903, na makatazo yameendelea chini ya tawala zilizofuata. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 juu ya dawa za kulevya una jambo la ajabu kwa msomaji mwenye macho: unaifafanua bangi kuwa vilele vya mmea vyenye maua au matunda, na unaweka kando mbegu na majani yasiyoambatana na vilele hivyo. Kwa tafsiri hiyo, mche wa wiki tatu si bangi. Ni mmea wa bangi, jina ambalo mkataba unalifafanua mbali, na ulimaji wake unadhibitiwa hata hivyo. Wanasheria waliokaa New York walifika, bila kukusudia, kwenye mgawanyo uleule wa yule fakihi aliyesimuliwa na al-Qarafi: kitu kichanga kina jina lake, kitu kinacholevya kina jina lake. Rwanda, jirani wa mashariki, iliidhinisha mwaka 2020 kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, huku ikiendelea kuikataza kwa raia wake. Mche uliopandwa huko kwa leseni na mche wa chumba cha Kindu inaweza kutoka katika mbegu za mmea mmoja.

Linabaki suala la muda, ambalo kipindi cha majani kinalifungua kuliko kipindi kingine chochote. Mtu aliyepanda kwa nia mbaya akabadilika moyo wiki ya nne, kabla ya kuipunguza taa, amefanya nini? Kwa mapokezi ya Ibn Abbas yaliyomo katika Bukhari na Muslim, aliyekusudia ovu kisha asilitende huandikiwa jema kamili. Alichokuwa amekusudia ni ulevi, na ulevi haujatokea. Kilichotokea ni majani. Mkatoliki atasema kwa ukali zaidi kwamba nia iliyokubaliwa moyoni ilikuwa tayari dhambi na inahitaji toba na ungamo, lakini naye atakubali kwamba ushirikiano katika uovu wa wengine haukuwahi kukamilika. Asiyeamua chochote, anayesema anaotesha tu kwa udadisi, hawezi kujificha humo kwa muda mrefu: taa ya saa 18 haijiwashi, na kadiri wiki zinavyopita udadisi unapungua na makusudio yanaongezeka, maana mwanafunzi wa botania angekwisha kuona alichotaka kukiona.

Akiung'oa, mikono yake haina haja ya kutoharishwa. Kwa an-Nawawi mmea si najisi hata ukiwa na maua. Kwa yule fakihi aliyetoa fatwa zama za al-Qarafi, majani mabichi hayajawa kitu. Na Ibn Taymiyya aliihukumu hashishi iliyokwisha kuwa chakula cha walevi, hali ambayo mche huu haukuifikia. Anaweza kuutupa shimoni na kuingia kwenye sala kwa udhu aliokuwa nao.